Kazi ya Kusafisha Mazulia na Jinsi Nilivyojifunza



Kazi nyingi husifiwa mbele ya wanafunzi: udaktari, ualimu, uanasheria, uinjinia. Sijapata kumsikia mtu akiisifu kazi ya kusafisha mazulia. Nadhani sababu yake ni kwamba watu wengi hawaihesabu kuwa kazi ya kujifunza. Husema, "Kufua tapi, nani hajui? Maji, sabuni na nguvu za mikono, basi." Tapi ndilo jina la zulia kwetu Burundi, na wenzetu wengi wa Kenya na Tanzania husema kapeti. Mimi nami nilisema maneno hayo hayo, na yaliniletea deni ambalo mpaka leo sijalimaliza. Kwa hiyo nataka kuwaeleza kazi hii ni nini, hufundishwaje, na kwa nini mtu asiyefundishwa asiishike mali ya mwenziwe.

Mafuriko ya Gatumba

Mimi ni mtoto wa Gatumba. Gatumba ni mji mdogo ulio magharibi ya Bujumbura, kando ya barabara iendayo Uvira katika Kongo. Karibu nasi hupita Mto Rusizi, utokao Ziwa Kivu na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Nchi yenyewe ni tambarare. Mto ukifurika au ziwa likipanda, maji hayana pengine pa kwenda ila majumbani mwetu. Mwezi wa Aprili mwaka 2020 Rusizi ulivunja kingo zake na maelfu ya watu wakahama. Wakati huo nilikuwa na miaka 14. Mwaka 2024 ziwa likapanda sana, na maji yakatuingilia tena.

Maji yalipopungua, kila nyumba iliyokuwa na kitu cha kuokoa ilikitoa nje. Ungeona magodoro juu ya mapaa, viti miguu juu, mikeka na mazulia uani. Jirani yetu mmoja, mama mjane, alikuwa na zulia la sufu, jekundu lenye maua meupe, ambalo marehemu mumewe alilinunua Dar es Salaam miaka mingi iliyopita. Lilikuwa limejaa tope. Mimi nilikuwa natafuta fedha za madaftari, nikamwendea nikamwambia, "Mama, niachie zulia hili. Kesho kutwa litakuwa jipya." Tukapatana bei, akanipa nusu kabla ya kazi.

Nikachemsha maji. Nikatia sabuni ya unga, na kwa kuwa zulia lilinuka nikaongeza javeli nyingi, maana nilijua kwamba javeli huua kila uchafu. Nikasugua kwa brashi ngumu mpaka mikono ikaniuma, na kwa kweli nilijivuna. Jioni mvua ikanyesha, nikalikunja zulia likiwa bado bichi nikaliweka ndani. Siku ya tatu nilipolikunjua niliona aibu ambayo sijaisahau. Wekundu ulikuwa umeingia katika maua ya upande mzima. Manyoya yalikuwa yamekatika na kushikamana, na mahali pengine uzi wa chini ulionekana. Harufu yake ilipita ile ya tope. Yule mama alilitazama kwa muda, kisha akasema, "Haidhuru, mwanangu, wewe hukujua." Sikupata neno la kumjibu. Nilimrudishia zile fedha alizonipa, lakini thamani ya zulia ilikuwa mara nyingi zaidi, na wote wawili tulijua hivyo.

Buyenzi

Mjomba wangu aliposikia habari hiyo alinipeleka Buyenzi. Wenyeji wa Bujumbura waijua Buyenzi kuwa mtaa wa Waswahili, tena mtaa wa mafundi, hasa mafundi wa magari. Huko yuko mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifua mazulia ya nyumba, ya ofisi na ya misikiti. Mjomba akamwomba anipokee wakati wa likizo kubwa ya kiangazi. Mzee akanitazama, akaniuliza, "Zulia uliloliharibu, uliliuliza kitu kabla ya kulimwagia maji?"

Nikadhani anafanya mzaha. Nikajibu, "Hapana, Mzee."

Akasema, "Basi hapa utajifunza kuuliza. Maji baadaye."

Alinipokea kwa masharti haya: likizo ya kwanza nifanye kazi kwa chakula na nauli tu, likizo ya pili, nikifaa, nipate ujira. Nimekwisha kumaliza likizo zote mbili, ya mwaka 2024 na ya mwaka 2025. Katika juma la kwanza hakuniruhusu kushika ndoo ya maji hata mara moja. Nilifagia, nilibeba, nilikung'uta, na nilijibu maswali. Sasa nitayaeleza maswali hayo, maana ndiyo msingi wa kazi yote.

Maswali matatu

Swali la kwanza ni hili: zulia limefumwa kwa kitu gani? Kila zulia lina sehemu mbili, yaani manyoya ya juu tunayoyakanyaga, na mgongo wa chini unaoyashika. Manyoya yaweza kuwa ya sufu, ya pamba, au ya nyuzi za kiwandani kama nailoni, poliesta na polipropilini. Mgongo nao waweza kuwa wa pamba, wa juti, au wa nyuzi za kiwandani zilizoshikwa kwa gundi. Kwa macho tu ni rahisi kukosea. Basi fundi huchomoa uzi mmoja mdogo pembeni, mahali pasipoonekana, akauchukua mbali na zulia na kuuwasha kwa kibiriti. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na jivu lake husagika vidoleni. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua. Nyuzi za kiwandani huyeyuka, na zikipoa huacha tone gumu kama ushanga. Polipropilini ina alama nyingine tena: ukiutia uzi wake katika bilauri ya maji na kuuminya viputo vitoke, bado huelea, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji.

Kwa nini tujue hayo? Hapa somo la kemia latusaidia. Darasani tumejifunza kipimo cha pH, ambacho maji safi husoma 7, tindikali husoma chini ya 7, na vitu vya jamii ya magadi husoma juu ya 7. Sufu ni protini, jamii moja na nywele na kucha zetu, na magadi makali huila. Sabuni nyingi za unga za kufulia nguo hufika karibu na 10, na javeli hupita 11. Tena javeli ina ubaya wa pili, maana klorini iliyomo huivunja protini yenyewe. Mzee alichukua kinyuzi cha sufu akakitia katika kopo la javeli, akaniambia nikitazame baada ya kula. Niliporudi sikukiona. Siku ile ndipo nilipofahamu barabara ni jambo gani lililolipata zulia la jirani yetu.

Sufu basi hutaka maji baridi au ya uvuguvugu, na sabuni ya pole iliyo karibu na 7. Maji ya moto pamoja na kusugua kwa nguvu huifanya ijisokote na kugandamana. Polipropilini haidhuriki upesi na sabuni, lakini hushika mafuta, na moto huiyeyusha. Pamba na juti zikilowa mno na kukawia kukauka hutoa rangi ya kahawia, nayo hupanda polepole mpaka juu ya manyoya. Kwa hiyo dawa iliyo njema kwa zulia moja yaweza kuliua zulia la pili, hata kama mazulia hayo mawili yafanana kwa sura.

Swali la pili ni la rangi. Chukua kitambaa cheupe, ukiloweshe kwa maji yenye sabuni ile ile utakayoitumia, kisha ukikandamize juu ya kila rangi ya zulia kwa dakika chache. Kitambaa kikitoka na rangi, zulia hilo lisitumbukizwe majini. Lisafishwe kwa unyevu mdogo, na katika maji ya mwisho itiwe siki kidogo, kwa kuwa tindikali nyepesi husaidia kuzuia rangi ya sufu isikimbie. Lakini angalia sana hapa: siki na javeli visikutane kamwe. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu ya mapafu. Kazi yetu imekwisha kuwaumiza watu wasiojua jambo hilo.

Swali la tatu: zulia limebeba vumbi kiasi gani? Sisi tutazamao kwa mbali huona madoa tu, lakini sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni vumbi kavu na mchanga ulioshuka chini ya manyoya. Mchanga una ncha, na kila tunapokanyaga hukata nyuzi. Ukimwaga maji kabla ya kuutoa, wafanya tope ndani ya zulia. Ndiyo maana juma langu la kwanza lilikuwa la vumbi tupu. Tulilitundika zulia juu ya boriti, tukalipiga mgongoni kwa fimbo pana, kisha tukalilaza na kulipitishia mashine ya kuvuta vumbi pande zote mbili.

Mashine hiyo ina habari yake. Wakati mmoja watu walijaribu kuliondoa vumbi kwa kulipuliza, nalo likaruka na kutua tena pale pale. Mwinjinia Mwingereza, Hubert Cecil Booth, aliona kwamba ni afadhali kulivuta, na mwaka 1901 akapata hataza ya mashine yake. Ilikuwa kubwa hata ikakokotwa kwa farasi. Ilisimama barabarani, na mipira mirefu ikapitishwa madirishani mwa nyumba. Kabla ya kutawazwa kwa Mfalme Edward wa 7 mwaka 1902, mashine ya Booth ilitumiwa kusafisha mazulia ya Westminster Abbey huko London. Twaona kwamba hata katika nyumba ya kutawazia wafalme kazi ilianza kwa vumbi.

Maji yaanzapo

Baada ya maswali hayo ndipo maji huanza. Mahali pa kazi pa mzee wangu ni uwanja wa saruji wenye mteremko mdogo, ili maji machafu yaende mtaroni yasirudi chini ya zulia. Zulia hulazwa, hulowanishwa kwa mpira wa maji, kisha hupakwa sabuni iliyokwisha kuyeyushwa katika ndoo. Sabuni ya unga haimwagwi juu ya zulia lenyewe, maana chembe zake huingia chini na hazitoki upesi. Brashi ya sufu huwa laini, nayo hupitishwa kwa kufuata upande ambao manyoya hulalia. Ukipapasa zulia kwa mkono utaujua upande huo, kwa sababu mkono hupita vizuri ukienda nao, na hukwama ukirudi.

Doa halisuguliwi, maana kusugua hulieneza na kuharibu manyoya. Hukandamizwa kwa kitambaa safi, kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Doa la damu hutaka maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huigandisha damu ikashika kabisa.

Kisha huja kusuuza, na hapa wanafunzi wengi huchoka. Sabuni ikibaki katika zulia hunata na kukamata vumbi jipya, na baada ya majuma machache mwenye zulia hulalamika kwamba lachafuka upesi kuliko zamani. Siku moja nililisuuza zulia la ofisi moja mara tatu, nikamwita mzee aje kulipokea. Akakamua pembe yake juu ya bilauri, akaniachia bilauri mkononi, akaenda zake. Ndani mlikuwa na povu. Nikarudia mara mbili zaidi mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia.

Mwisho ni kukamua na kukausha. Maji husukumwa kwa ubao wenye ubapa wa mpira, au huvutwa kwa mashine. Katika mahali pakubwa pa kufulia huko mijini kuna mashine ambayo hulizungusha zulia lililoviringwa kwa kasi mpaka maji yaruke nje. Kukausha ni kushindana na saa, kwa kuwa zulia likikaa na unyevu siku moja au mbili, kuvu huanza kuota. Hiyo ndiyo harufu niliyoipata nilipolikunjua lile zulia la kwanza. Hewa sharti ipite pande zote mbili. Jua kali la siku nyingi hufifiza rangi, kwa hiyo mgongo hugeuzwa juu, au zulia hutandazwa kivulini penye upepo. Wakati wa mvua mzee hapokei mazulia mengi kuliko nafasi aliyo nayo ya kukaushia, hata kama fedha zampungukia.

Maji ya mafuriko

Sasa nirudi Gatumba, maana hapa jambo si la usafi tu bali la uzima. Mafundi wa nchi za nje huyagawa maji yaingiayo nyumbani katika daraja tatu. Daraja la kwanza ni maji safi, kama ya bomba lililopasuka. Daraja la pili ni maji yaliyokwisha kuchafuka kiasi, kama yale yatokayo katika mashine ya kufulia nguo. Daraja la tatu ni maji machafu kabisa, ya vyoo na ya mito iliyofurika. Maji ya Rusizi yaliyopita katika vyoo vyetu kabla ya kuingia vyumbani ni ya daraja la tatu. Mwanzoni mwa mwaka 2023 kipindupindu kilitangazwa katika Burundi, na twajua kwamba ugonjwa huo huletwa na maji na chakula vyenye kinyesi. Kwa hiyo zulia la mafuriko laweza kuingiza maradhi katika nyumba ambayo watoto hucheza na kula sakafuni.

Kanuni niliyofundishwa ni hii. Vaa glavu na viatu vya mpira, na ukimaliza uoge kwa sabuni. Zulia hilo lisifuliwe kando ya kisima wala mahali pa ziwa ambapo watu huteka maji. Zulia lililogundishwa mgongo, na lile lenye sponji chini, likilowa maji ya daraja la tatu litupwe. Zulia la kufumwa lenye thamani laweza kufuliwa lote, juu na chini, kutiwa dawa ya kuua vijidudu isiyodhuru nyuzi zake, kusuuzwa, na kukaushwa kabisa kabla ya kurudi nyumbani.

Kuyajua hayo si kugumu. Kugumu ni kumwambia mwenye zulia. Baba mmoja alituletea zulia lenye sponji lililokaa majini siku nyingi. Alikuja na fedha mkononi, tena nyingi, kwa kuwa ndicho kitu pekee cha sebuleni kilichosalia. Mzee alilikunjua, akalinusa, akamwambia, "Ndugu yangu, naweza kulifanya lipendeze macho. Siwezi kulifanya liwe salama kwa watoto wako." Yule baba akakasirika akaenda zake. Mimi nilimwuliza mzee kwa nini asichukue fedha ile, maana tungelifua na mtu angefurahi. Akaniambia, "Wewe ulimwahidi mama yule kitu usichokijua. Mimi nimwahidi huyu kitu ninachojua kuwa si kweli?" Sikuuliza tena.

Zulia lisilobebeka

Mwezi wa Agosti mwaka 2025 tuliitwa kusafisha zulia la msikiti mmoja. Mimi ni Mkristo, na sikuwa nimepata kuingia msikitini. Mzee akanifundisha kuvua viatu mlangoni na kunawa miguu kabla ya kukanyaga. Akanikumbusha kwamba watu huweka vipaji vya nyuso zao juu ya zulia hilo, kwa hiyo sabuni ikibaki itawawasha usoni. Sijapata kusuuza kwa uangalifu kama siku ile.

Zulia la namna hiyo limetandikwa kutoka ukuta mpaka ukuta, wala haliwezi kupelekwa uwanjani. Fundi hulifuata. Wazee wetu waliokwenda Oman wataikumbuka Muscat, ambako Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos ulifunguliwa mwaka 2001. Ukumbini mwake mna zulia moja lenye urefu wa mita 70 na upana wa mita 60. Lilifumwa kwa mikono na wanawake wa Iran kwa muda wa miaka 4, na uzito wake ni tani 21. Zulia kama hilo hakuna wa kulitundika juu ya boriti! Kwa kazi ya pale pale hutumika mashine ambayo hutia maji ya moto yenye dawa ndani ya manyoya, na papo hapo huyavuta pamoja na uchafu wake. Sufu hupunguziwa moto wa maji hayo. Hatari kubwa ya mashine hiyo ni mikononi mwa mtu mwenye pupa, atiaye maji mengi na kuvuta machache; juu huonekana pakavu, na chini mgongo waoza.

Shule na vyeti

Katika nchi nyingine kazi hii ina vyama na mitihani. Huko Uingereza chama cha taifa cha wasafishaji wa mazulia kilianzishwa mwaka 1968. Huko Marekani taasisi iitwayo IICRC ilianzishwa mwaka 1972, na vyeti vyake hutambuliwa katika nchi nyingi. Darasa lake la kwanza la mazulia huchukua siku mbili, kisha huja mtihani. Hufundishwa aina za nyuzi, kemia ya sabuni, njia za kusafisha, na usalama wa mfanyakazi. Nilipoyasoma mambo hayo niliona kwamba ni maswali yale yale ya mzee wangu wa Buyenzi, ambaye hajapata kulisikia jina la taasisi hiyo.

Lakini nisiwadanganye, ndugu zangu. Cheti kina faida yake. Hoteli au ofisi kubwa itakayo kumpa mtu kazi haiwezi kuja Buyenzi kutazama mikono ya kila fundi, hutaka karatasi. Kwa sababu hiyo napenda utaratibu wa VETA ya Tanzania, chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambacho huwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Kenya nayo ilizindua sera ya namna hiyo mwaka 2024. Ni jambo la haki kwamba mtu mwenye ujuzi apimwe kwa ujuzi wake, hata kama hakuupatia darasani.

Sisi wanafunzi nasi tuna la kutoa. Mzee wangu hakuwa akiandika habari za mazulia anayoyapokea; aliyaweka yote kichwani. Mara nyingine mteja alisema, "Tundu hili halikuwapo," na mabishano yakaanza. Nikamwomba ruhusa ya kuanzisha daftari. Kila zulia linapofika naandika siku, vipimo, aina ya nyuzi, madoa na matundu yaliyomo, na mwenyewe hutia sahihi kabla hatujaligusa. Tangu hapo mabishano yamepungua sana. Mzee alicheka akasema kwamba hata daftari nalo ni kuuliza.

Aonaye hamu ya kujifunza asianze kwa kununua mashine. Mzee wangu alianza kwa ndoo mbili, brashi mbili, vitambaa vyeupe, kibiriti, glavu na mpira wa maji. Yafaa kwanza atafute fundi, akubali kukaa chini yake miezi kadhaa, na ajizoeze kwa vipande vya mazulia yaliyotupwa, asijizoeze kwa mali ya watu.

Habari ya zulia la mama

Nimebakiza jambo moja. Likizo ya kwanza ilipokuwa karibu kwisha nililichukua lile zulia jekundu nikalipeleka Buyenzi. Nilikuwa na tumaini kwamba mzee atakuwa na dawa. Akaligeuza, akalipapasa, akasema kwamba sufu iliyokwisha kuliwa hairudi, na rangi iliyokwisha kuingia mle haitoki. Kisha akanionyesha upande mmoja ambao javeli haikufika sana. Tukaufua upande huo kwa utaratibu wote, kwa sabuni ya pole na siki, tukaukausha kivulini siku tatu. Mzee akaukata sawasawa, nami nikashona ukingo wake kwa mkono, mishono mingi nikiirudia. Kikapatikana kipande cha kutosha kuwekwa mbele ya kiti kimoja, chenye maua mawili meupe.

Nilikirudisha Gatumba kwa basi nimekipakata. Nikamwambia yule mama ukweli wote: kosa langu lilikuwa nini, kipi kimeokoka na kipi hakiwezi kuokoka, na kwamba kilichobaki nitakilipa kwa fedha. Akakiweka mbele ya kiti alichokuwa akikalia mumewe. Likizo ya pili nilipopata ujira nilianza kumlipa, na sasa deni limebaki kidogo. Mara ya mwisho nilipompelekea fedha alinionyesha busati la dada yake, akaniuliza kama naweza kulifua. Nikamwomba kwanza kibiriti na kitambaa cheupe.

Ninyi mliosoma hapa zamani, ambao sasa mna nyumba na ofisi, nina ombi kwenu. Kijana akija mlangoni kutaka kuwafulia zulia, msimfukuze, wala msimpe zulia papo hapo. Mwulizeni atafanya nini kabla ya kumwaga maji. Akijua kujibu, mpeni kazi na mmlipe ujira wa fundi. Asipojua, mwelekezeni kwa mwenye kujua, kama mjomba alivyonielekeza mimi.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, Gatumba.